Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Kigoma: mtafiti asiondoke kabla hajazungumza na wanachuo wetu

Ndugu Katibu Tawala,

YAH: OMBI LA WATAFITI WA VIUMBE HAI KUTOA MADA CHUONI KABLA YA KUONDOKA MKOANI

Salaam nyingi. Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mkufunzi wa Biolojia katika chuo kimoja cha ualimu hapa mkoani. Nimeamua kuandika kwa uwazi badala ya kupitisha barua masjala kwa sababu jambo hili linawagusa watu wengi: wanachuo, walimu wa sekondari, wavuvi wa Kibirizi na Katonga, na watafiti wenyewe, ambao naamini wengi wao wangekubali mara moja kama kuna mtu angewaomba.

Ombi lenyewe ni hili. Mtafiti anayekuja kufanya kazi katika hifadhi za sokwe za Gombe na Mahale, Ziwa Tanganyika au kwenye ardhioevu ya Malagarasi huanzia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kuchukua kibali. Akifika huku huripoti ofisini kwako na barua yake ya utambulisho, nawe unamtambulisha wilayani, na wilaya inamtambulisha kijijini. Hapo mezani kwako, kabla muhuri haujagongwa, naomba aambiwe jambo moja la ziada: kabla hujaondoka Kigoma, tenga alasiri moja uje chuoni utueleze kwa Kiswahili umekuja kutafuta nini na umepata nini. Sentensi moja tu kwenye barua ya ofisi yako ingetosha.

Ndugu Katibu Tawala, mkoa huu umeifundisha dunia biolojia kwa zaidi ya miaka sitini. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alishuka Gombe tarehe 14 Julai 1960 akiwa na mama yake, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemwona sokwe dume akichomeka kijiti kwenye kichuguu na kukitoa kikiwa kimejaa mchwa. Wakati ule vitabu vilisema binadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana. Vitabu vikabadilishwa. Miaka mitano baadaye Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Toshisada Nishida, wakaanza kazi kusini kwetu, Mahale, na kazi hiyo haijakoma. Na ziwa ndilo usiseme: kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, lenye umri wa mamilioni ya miaka na zaidi ya spishi 200 za samaki wa jamii ya kuhe na ndugu zake, karibu wote hawapatikani mahali pengine popote.

Sasa njoo darasani kwangu. Tukifika kwenye uteuzi asilia, yaani namna viumbe wanaoyafaa mazingira yao wanavyozaa zaidi ya wenzao, mfano walio nao wanachuo kichwani ni mmoja, tangu kidato cha nne: nondo wa Manchester, wadudu wa jamii ya vipepeo, ambao weusi wao waliwazidi weupe pale moshi wa viwanda ulipoyapaka masizi magome ya miti. Ni mfano mzuri na sina ugomvi nao. Lakini mwaka 1993 Mjapani Michio Hori alichapisha katika jarida la Science habari ya samaki wa ziwa letu hili hili, Perissodus microlepis, ambayo kwangu mimi inafundisha vizuri kuliko nondo wote wa Uingereza.

Samaki huyu anaishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wenzake. Mdomo wake umepinda upande: kwa wengine umepinda kulia, kwa wengine kushoto. Aliyepinda kulia huvamia kwa nyuma na kunyofoa ubavu wa kushoto wa windo. Aliyepinda kushoto hunyofoa ubavu wa kulia. Wakiwa wengi wa aina moja, samaki wanaowindwa hujihami zaidi upande ule wanaovamiwa kila mara, na wale wachache wa aina ya pili ndio wanaokula wakashiba na kuzaa. Baada ya muda hao wachache nao wanakuwa wengi, na zamu inageuka. Hori aliwafuatilia mwaka hadi mwaka upande wa Kongo, akaona idadi inapanda na kushuka, huku na huku, kuzunguka nusu kwa nusu. Mwanachuo akielewa hapo, ameelewa uteuzi asilia ni nini, na ameelewa pia kwa nini maumbile mawili yanaweza kuishi pamoja bila moja kulifuta lingine. Nilipouliza darasani nani amewahi kumsikia samaki huyu, hakuna mkono ulionyooka. Na darasa hilo lina vijana wa Ujiji, wa Buhingu na wa Kalya, ambao baba zao wanalala ziwani.

Vijana hao siwalaumu, wala walimu wao. Habari hizo zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, kwenye majarida ambayo kusoma makala moja ni kulipa fedha ambayo mwalimu wa sekondari hana. Aliyefanya utafiti amepita Kigoma, amelala Kigoma, amenunua mkate na mafuta ya boti Kigoma, kisha ameondoka, na alichokipata kimefika Ulaya, Marekani na Japani kabla ya kufika Mwanga, hapa hapa mjini. Najua habari ya mtafiti mmoja aliyekaa nasi miezi mingi akipima maji na kupiga picha miamba ya ziwani. Vijana waliombebea vifaa hawakujua alikuwa akitafuta nini mpaka anapanda ndege. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mpole na alilipa vizuri. Hakuna aliyemwomba azungumze.

Pale chuoni tuna semina ya Biolojia, Alhamisi alasiri. Ilianza kwa wanachuo wenyewe kupeana mada, jambo ambalo bado tunaliendeleza kwa sababu atakayekuwa mwalimu lazima azoee kusimama na kuulizwa. Ila semina zinazokumbukwa ni zile tulizopata mgeni. Naomba nikusimulie moja, kwa sababu nikisema tu kwamba semina zina manufaa utanielewa kwa heshima lakini hutaona ninachokiona mimi.

Alikuja mtafiti wa samaki, Mtanzania, amebeba ndoo ya dagaa aliowanunua Kibirizi asubuhi ile. Hakufungua kompyuta. Alichukua dagaa mmoja, akampasua kichwa kwa wembe, akachokoa kwa ncha ya sindano mpaka akatoa kitu cheupe ambacho waliokaa nyuma hawakukiona kabisa. Akasema hili ni jiwe la sikio, kila samaki wa mifupa analo, linamsaidia kusikia na kukaa sawa majini. Akalisugua polepole kwenye msasa laini, akaliweka juu ya kioo na tone la mafuta, akaita wanachuo mmoja mmoja kwenye hadubini. Ndani ya kile kijiwe mlikuwa na miduara, mmoja ndani ya mwingine. Jiwe hukua kila siku kwa tabaka jembamba, kwa hiyo kila duara ni siku moja ya maisha ya yule dagaa. Wakaanza kuhesabu, wakipokezana, wakibishana, mpaka wakakubaliana kwamba samaki yule hakuwa amefikisha hata nusu mwaka. Mwanachuo mmoja wa kike akainua kichwa kutoka kwenye hadubini akasema, "Mwalimu, kumbe huyu hajawahi kuzaa!"

Kuanzia hapo mtoa mada hakuwa na kazi ya kuwashawishi kwamba nyavu zenye macho madogo hunasa samaki ambao hawajazaa. Maswali yalimiminika: dagaa huishi muda gani, huzaa akiwa na urefu gani, kwa nini mchana haonekani. Akaeleza kwamba mchana dagaa hushuka chini kwenye giza kuwakimbia migebuka, samaki wanaomla, usiku hupanda kufuata vijidudu vya majini anavyokula navyo vikipanda, na ndiyo maana mvuvi anawasha taa, na ndiyo maana mbalamwezi ikiwa kali anapumzika nyumbani. Watoto wa wavuvi walijua nusu ya mambo haya tangu utotoni. Siku ile walijua na sababu yake.

Tulikuwa tumemwalika pia mzee mmoja mvuvi aliyestaafu, na katika maswali yote swali lake ndilo lililomfanya mgeni anyamaze kidogo. Mzee aliuliza: kwa nini mwisho wa kiangazi, upepo wa kusi ukishatulia, maji ya upande wetu huwa ya kijani na dagaa wanakuja kwa wingi? Mgeni akachora ziwa ubaoni, refu na jembamba, kilomita zaidi ya 670 kutoka Burundi hadi Zambia. Maji ya juu ni ya moto na mepesi. Ya chini ni ya baridi, mazito, yamejaa virutubisho vilivyozama humo miaka na miaka, na kwa upande wetu wa kaskazini ukishapita mita mia moja hivi karibu hakuna oksijeni, ndiyo maana samaki hawaishi huko. Kusi ikivuma miezi ya kiangazi husukuma maji ya moto kuja kaskazini, na kule Zambia maji ya baridi hupanda kuziba nafasi. Upepo ukikata, maji yaliyorundikana huku hurudi, tabaka zinayumba, na virutubisho hufika juu hata kwetu. Mwani ukivipata unastawi, maji yanakuwa kijani, vijidudu vinakula mwani, dagaa anakula vijidudu. Mzee akaitikia kwa kichwa, kisha akaongeza kwamba siku hizi ukijani hauji kwa wakati kama zamani. Mgeni akatoa daftari akaandika maneno yale.

Huu ndio moyo wa ombi langu, Ndugu Katibu Tawala. Semina nzuri inamfaidisha anayezungumza pamoja na wanaosikiliza. Na mkoa wetu una ushahidi wa hilo unaojulikana duniani kote.

Novemba 1987, kule Mahale, mtafiti Michael Huffman alikuwa akifuatilia sokwe jike aliyeitwa Chausiku akiwa pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe aliyefanya kazi hifadhini na aliyezijua dawa za miti kwa urithi wa kwao. Chausiku alikuwa mgonjwa, amelegea, analala mchana. Wakamwona anavunja tawi la mti mchungu, anamenya gome, anatafuna kiini na kunyonya maji yake, kitu ambacho sokwe hali kwa kawaida. Huffman hakujua maana yake. Aliyejua ni Mohamedi, ambaye alimweleza kwamba ule ni mjonso, dawa kali ya tumbo kwa Watongwe. Kesho yake Chausiku alikuwa amepata nafuu. Wawili hao waliandika habari ile pamoja, majina yao mawili juu ya makala moja, ikachapishwa 1989. Wakemia wa Japani walipouchunguza mti ule walikuta ndani yake kemikali zenye nguvu dhidi ya vimelea. Tawi zima la elimu, la namna wanyama wanavyojitibu, limechota sana kwenye siku ile, na lilianza kwa sababu msomi alikuwa na mtu wa kumuuliza na akamsikiliza.

Kwa hiyo ninaposema wageni wazungumzaji, nisieleweke kwamba nataka wazungu peke yao. Napenda zaidi tuanze na walio karibu. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo hapa hapa mjini. Wahifadhi wa Gombe na Mahale wanapita mjini kila wiki. Hospitali zetu zina wataalamu wa maabara ambao Mei 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokwama Kagunga na kipindupindu kikawalipukia, walikuwa katikati ya jambo ambalo wanachuo wangu wanalisoma kwa mistari minne kitabuni. Mtu mmoja aliyemwona kimelea wa kipindupindu kwa macho yake akizungumza saa moja, mwalimu mtarajiwa atafundisha usafi wa maji kwa sauti nyingine kabisa.

Na kuna kundi moja ninaloliombea kwa namna ya pekee: wazee walioajiriwa Gombe na Mahale kama wasaidizi wa utafiti. Usiku mmoja wa Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, wakavamia Gombe na kuwateka wanafunzi wanne. Wote waliachiliwa baadaye, lakini wanafunzi wa kigeni waliondolewa na ingewezekana kabisa utafiti ukafia hapo. Haukufa. Hilali Matama na wenzake, Watanzania, waliendelea kupanda vilima kila asubuhi kuwafuata sokwe na kuandika: nani kala nini, nani kapigana na nani, nani kazaa. Waliandika kwa Kiswahili. Kumbukumbu hizo za Kiswahili ndizo zilizotafsiriwa baadaye na kuingia kwenye hesabu za wasomi wa vyuo vikuu vikubwa. Kila mara ninapoambiwa kwamba sayansi ya kiwango cha juu haielezeki kwa lugha yetu, nafikiria madaftari yale ya Gombe, miaka na miaka ya tabia za sokwe, mwandiko wa mtu wa hapa, Kiswahili kitupu.

Baadhi ya wasaidizi wa utafiti wa zama mbalimbali bado tunao, vijijini kandokando ya ziwa. Wanajua mambo ambayo hayamo katika makala yoyote. Mzee mmoja wa namna hiyo aliwahi kutueleza kwamba sokwe wa Mahale wakitoana uchafu mwilini hushikana mkono mmoja mmoja juu ya vichwa vyao, na wale wa Gombe hawafanyi hivyo, ingawa ni sokwe wale wale wa mwambao ule ule. Alisimama akamwita mwanachuo mbele, wakashikana mikono juu kuonyesha. Darasa likaanza kujadili kama mnyama anaweza kuwa na mila. Sijawahi kupata mjadala kama ule kwa kutumia kitabu. Kumleta mzee huyo kunahitaji nauli ya boti, chakula na pa kulala. Chuo hakina fungu la hilo, na wakufunzi tumekuwa tukichangishana.

Naomba sasa nizungumzie kusitishwa kwa uvuvi, maana hapo ndipo pengo hili linapouma watu walio nje ya darasa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Serikali ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Sina nia ya kupinga uamuzi ule, na baada ya kuona miduara ndani ya jiwe la sikio la dagaa nadhani unaelewa kwa nini. Ila nilikuwa Mwanga na Ujiji miezi ile, nikasikia yaliyosemwa vijiweni. Wapo walioamini ziwa limeuzwa. Wapo waliosema samaki hawawezi kwisha, ni Mungu anawaficha na atawarudisha akipenda. Mama mmoja anayeanika dagaa kwenye vichanja aliniuliza kwa utulivu tu: "Mwalimu, hivi kuna mtu aliyehesabu?"

Wapo waliohesabu. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa tope la chini ya ziwa hili pamoja na kumbukumbu za joto la maji. Walisema maji yamepata joto, upepo umepungua, na kwa hiyo yale maji ya chini yenye virutubisho hayapandi kama zamani. Uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa takribani asilimia 20, na kwa makadirio yao hilo laweza kumaanisha asilimia 30 ya samaki kupungua. Miaka mitatu baadaye wataalamu wengine wakajibu kwamba hapana, takwimu za samaki wanaovuliwa zinaeleza zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko ya hali ya hewa. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakarudi na tope lingine, wakaonyesha kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza. Ni mjadala mzito, wa haki, kuhusu chakula cha watu wa Kigoma, na umeendeshwa kwa zaidi ya miaka ishirini bila watu wa Kigoma kuusikia. Yule mama aliuliza swali lile lile ambalo wanasayansi wanaulizana. Angekaa ukumbini kwetu Alhamisi moja, akamsikia mtafiti akisema tumehesabu hivi, hapa tuna uhakika na hapa bado tunabishana, nadhani angeubeba mzigo wa ile miezi mitatu kwa moyo mwingine.

Ninajua yatakayosemwa. Kwamba wengi hawajui Kiswahili: walioshinda porini mwaka au zaidi wengi wanakijua kuliko tunavyodhani, na wasiokijua tutawapa mkufunzi wa kutafsiri. Kwamba matokeo hayajakamilika: basi atueleze swali lake na namna anavyolitafutia jibu, maana hilo ndilo wanachuo hawalipati popote. Vitabuni majibu yamekwisha kupikwa, mtu akiwa katikati ya kutojua hawajawahi kumwona. Kwamba watafiti hawana muda: anayekwenda Gombe hupanda boti Kibirizi, anayekwenda Mahale kwa kawaida hupita mjini, na wote hulala Kigoma angalau usiku mmoja wakisubiri ndege, treni au boti. Sisi tutapanga siku kwa ratiba yao. Alhamisi ni mazoea tu.

Lipo pia neno ambalo nalichukulia kwa uzito zaidi, kwamba ombi likitoka ofisi ya Serikali hugeuka kuwa amri, na mtafiti atakuja kutimiza wajibu, atasoma karatasi yake nusu saa na kuondoka. Hilo laweza kutokea. Kwa sababu hiyo nimeandika ombi, sijaandika sharti, na sipendi kibali cha mtu kizuiwe kwa ajili ya semina. Anayekuja kwa kulazimishwa hatatufaa. Lakini nimewaona watoa mada wakiingia ukumbini na wasiwasi, wakidhani watakuta vijana wasiojua kitu, kisha wakaulizwa maswali mpaka giza linaingia na wao ndio wasiotaka kuondoka.

Mbali na ile sentensi kwenye barua, yapo mambo mawili madogo ambayo ofisi yako inaweza kuyafanya. Kwanza, kila mwezi vyuo vya mkoa mzima, hadi Kasulu na Kibondo, vitumiwe orodha fupi ya tafiti za viumbe hai zilizoruhusiwa kuendelea mkoani, ikitaja mada na eneo bila mambo ya siri ya mtu, ili nasi tujue nani wa kumwalika. Pili, mtafiti akikabidhi ripoti yake ofisini, nakala moja ije kwenye maktaba za vyuo. Ripoti zikikaa kabatini zinaliwa na mchwa, na mchwa wa Kigoma unawajua. Kuhusu nauli za wazee wa vijijini, sitaomba fedha ya mkoa katika barua hii. Naomba tu ruhusa ya kuwafikia wadau kwa barua inayotambuliwa na ofisi yako, maana mkufunzi akibisha hodi peke yake milango haifunguki.

Nikueleze na tulichonacho, ili usidhani tunasubiri kufanyiwa kila kitu. Tuna ukumbi wenye viti vya watu mia na zaidi, ubao mkubwa, na hadubini chache zinazofanya kazi. Projekta tunaazima shule ya jirani, na umeme ukikatika mtoa mada anaendelea kwa chaki. Chai ya maziwa na mihogo huandaliwa na wanachuo kwa zamu. Kila semina mwanachuo mmoja huandika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, tunaurudufu na kuupeleka shule za sekondari za karibu. Tunao walimu wa Biolojia wanaotembea kwa miguu kutoka Gungu na Bangwe kuja kusikiliza. Wavuvi wakialikwa wanakuja, hasa siku za mbalamwezi ambazo hawaendi ziwani.

Watafiti wengi hufika kiangazi, njia zikiwa kavu na mvua zimekwisha. Kama barua zitakazotoka ofisini kwako kuanzia Mei zitakuwa na ile sentensi, mgeni wetu wa kwanza tunaweza kumpata Juni. Nitafurahi kufika ofisini siku yoyote utakayonipangia, pamoja na wanachuo wawili wanaoratibu semina, tukaandike maneno hayo pamoja na wasaidizi wako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkufunzi wa Biolojia,
Kigoma.

Nakala: Wakuu wa vyuo vya ualimu, Mkoa wa Kigoma.